Darasa la nabii Mika, Jumamosi jioni Mwenge: maoni yangu baada ya wiki sita

Habari zenu wadau. Kuna watu kama watatu wameshaniuliza lile darasa la manabii nililokuwa naenda kila Jumamosi likoje, kama ni la kulipia au ni kupoteza muda tu, nikaona bora niandike mara moja hapa kila mtu asome. Ni wiki sita, kitabu kimoja tu cha Biblia, Mika, saa kumi na moja jioni mpaka saa moja usiku, kwenye ukumbi wa ghorofani maeneo ya Mwenge, Dar, elfu thelathini kwa wiki zote unalipa kwa simu, na humo ndani kuna fotokopi za somo na chai ya maziwa na maandazi. Jina la wenyewe siandiki maana huko chini nina malalamiko na sitaki ionekane nawachafua, anayetaka aje inbox nitamwelekeza.

Kwanza niseme ukweli, Mika nilikuwa namjua kwa mstari mmoja tu, ule wa sita nane, yani sura ya sita mstari wa nane, unaowekwa kwenye kalenda za kanisa, kutenda haki na kupenda rehema na kwenda kwa unyenyekevu na Mungu wako. Nimeusikia tangu Sunday school, nimeukariri, basi. Kumbe kitabu chenyewe ni sura saba, mistari 105, unakimaliza umekaa kwenye daladala kutoka Mbagala kwenda Posta siku ya foleni, na huo mstari wa kalenda ukishasoma vilivyotangulia unakuwa mstari mwingine kabisa.

Mwalimu ni mzee mmoja mstaafu, anaongea taratibu, hapigi kelele, hana zile za "mwambie jirani yako". Wiki ya kwanza hakugusa hata dhambi, alitufundisha ramani. Alisema Mika sio mtu wa Yerusalemu, katokea Moreshethi, kijiji cha huko chini kwenye vilima vya mashamba karibu na mji wa Lakishi, alitabiri siku za wafalme Yothamu, Ahazi na Hezekia, kipindi kimoja na Isaya, ila Isaya alikuwa anaingia kwa wafalme na Mika alikuwa anawaona wakubwa wa mjini kwa macho ya mtu wa shamba. Afu akawasha projekta akatuonyesha picha ya mchongo wa ukutani wa jumba la Senakeribu mfalme wa Ashuru, ulikuwa Ninawi, sasa hivi uko British Museum London. Ni Lakishi siku ilipoanguka, mwaka 701 kabla ya Kristo. Senakeribu mwenyewe kaandika anajisifu kwamba alichukua miji 46 ya Yuda. Mzee akakuza ile picha mpaka tukabaki na sehemu ndogo tu, wanawake wametoka mjini wamebeba mifuko begani, watoto wako juu ya mkokoteni wa ng'ombe. Akatuacha tuangalie kama dakika nzima. Akasema, "Hawa ni majirani zake Mika. Mkisoma hukumu humu ndani mkumbuke anawalilia watu anaowajua." Na kweli sura ya kwanza mstari wa nane anasema ataomboleza na kulia, atakwenda bila viatu. Mi nilikuwa nadhani nabii wa hukumu ni mtu mwenye hasira tu, sikujua analia.

Wiki ya pili ndo iliyonimaliza. Sura ya pili inaanza na ole kwa watu wanaopanga uovu wakiwa kitandani, kukipambazuka wanautekeleza kwa sababu uwezo uko mikononi mwao, wanatamani mashamba wanayachukua, wanatamani nyumba wanaziondoa, wanamdhulumu mtu na urithi wake. Mstari wa tisa ndo kabisa, anasema wanawake wa watu wangu mnawafukuza kwenye nyumba zao nzuri. Nilivyosoma hapo nilishindwa kuendelea nikampa dada wa pembeni asomee. Niwaeleze tu. Baba alipofariki tulikuwa na kiwanja Chanika, msingi ulishapanda, matofali yako saiti, mama anasubiri ahamie. Baba mdogo, mdogo wake marehemu kabisa, alikuwa na karatasi za mauziano kwa sababu ndo aliyesimamia ujenzi, akakiuza. Hatujajua mpaka siku mama ameenda kuangalia matofali akakuta fundi wa mtu mwingine anapiga plasta. Mama mpaka leo anapanga chumba Mbagala. Sasa kitu kilichonigusa ni hukumu yenyewe ilivyo kwenye mstari wa tano, Mungu anawaambia hao waliochukua mashamba ya watu kwamba hamtakuwa na mtu wa kuwapimia ardhi kwa kamba kwenye kusanyiko la Bwana. Yani adhabu imekatwa kwa kamba ile ile. Umechukua kwa kupima, basi siku ya kugawiwa wewe hupimiwi. Hakutupiwa moto wa jumla jumla, kapewa kitu chenye vipimo vya kosa lake. Mzee akasema haki ya Mungu kwa Mika inajua anwani, na mimi nilikuwa natafuta Mungu anayejua kwamba ni Chanika na msingi ulikuwa wa kozi ngapi.

Wiki ya tatu ndo nina malalamiko makubwa na nayasema wazi. Mzee alikuwa na msiba, wakaleta mwalimu mgeni. Sura ya tatu ndo Mika anawageukia viongozi, anawaambia mnachuna ngozi za watu wangu mnavunja mifupa yao kama nyama ya kutia chunguni, na mstari wa kumi na moja anawataja wote kwa mpigo, wakuu wanahukumu kwa rushwa, makuhani wanafundisha kwa ujira, manabii wanabashiri kwa pesa, na bado wanasema Bwana si yuko kati yetu, hakuna baya litakalotupata. Mwalimu mgeni alisoma sehemu ya wakuu akaikazia sana, alipofika kwa makuhani na manabii akaruka mpaka sura ya nne, afu dakika ishirini za mwisho zikawa za mchango wa kitu ambacho hakihusiani na darasa na watu tulishalipa. Nilisikitika kutoka moyoni. Sura inayowasema wanaofundisha kwa ujira ndo ilitakiwa isomwe polepole kuliko zote, na waliokuja siku ile kwa mara ya kwanza wawili sikuwaona tena. Mzee aliporudi tulimwambia, hakumsema mwenzie hata neno moja, alifungua sura ya tatu akaisoma yote kuanzia mwanzo kwa sauti yake ile ya chini, na alipofika kwenye makuhani akasema "na mimi nimo", akaendelea.

Siku hiyo hiyo akatupa kitu ambacho kimebadilisha kabisa ninavyoelewa vitisho vya manabii. Sura ya tatu inaisha kwa kusema Sayuni italimwa kama shamba na Yerusalemu itakuwa magofu. Ni maneno makali kuliko yote kwenye kitabu. Akatupeleka Yeremia 26. Hiyo ni kama miaka mia moja mbele, Yeremia amekamatwa anataka kuuawa kwa sababu kasema mji utaharibiwa, wazee wa nchi wakasimama wakasema jamani, Mika Mmorashti alisema maneno haya haya siku za Hezekia, je Hezekia alimuua? Si alimcha Bwana akaomba, na Bwana akaghairi yale mabaya? Yeremia akapona. Sasa fikiria, ule mstari wa kutisha ndo uliookoa mji kwa wakati ule, na karne nzima baadae ukaokoa shingo ya mtu. Mzee alisema angekuwa Mungu hana rehema asingemtuma Mika kabisa, angekaa kimya tu mpaka siku ifike. Kutangaziwa hukumu mapema ni nafasi umepewa. Mji ulikuja kuanguka baadae kwa Wababeli, lakini kizazi cha Hezekia kilisikia, na kikabaki.

Wiki ya tano ilikuwa ya sura ya sita na hapo darasa likachangamka kwa sababu kuna mama mmoja anauza nafaka Tandale, mchele na maharage, huyo alikuwa haongei wiki zote. Mstari wa kumi na kumi na moja Mungu anauliza kuhusu kipimo kilichopunguzwa, na mizani ya udhalimu, na mfuko wa mawe ya kupimia ya udanganyifu. Mzee akaeleza kwamba zamani walikuwa wanapima kwa mawe, shekeli moja ya Yuda ni kama gramu 11 na kidogo, na kile kipimo cha nafaka kilichopunguzwa kwa Kiebrania ni efa, makadirio yake lita 22 hivi, yani hakipishani sana na debe letu. Mfanyabiashara mjanja alikuwa na mawe seti mbili, mazito ya kununulia na mepesi ya kuuzia, na Torati kwenye Kumbukumbu 25 ilishakataza kutembea na hayo mawe mawili mfukoni. Yule mama akanyoosha mkono akasema, "Mwalimu, hayo mawe mawili na sisi tunayo." Akaeleza yote. Kule shambani mkulima anajaziwa lumbesa, gunia linapandishwa kilemba juu na kushonewa kamba na bei ni ya gunia moja, huko ndo jiwe zito. Huku sokoni mteja anapimiwa kwa sado iliyobonyezwa kitako, ukiiangalia kwa juu imejaa, ukipeleka nyumbani inapungua, huko ndo jiwe jepesi. Kila mtu kwenye kile chumba aliwahi kununua maharage kwa sado. Akasema yeye anayo sado ya hivyo, alikuta wenzie wanayo akanunua. Hakulia wala nini, alisema kama mtu anayehesabu stoo. Wiki iliyofuata akaja na mfuko mweusi, ndani kuna sado mpya imenyooka kitako, akaiweka mezani mbele ya mzee akasema hii ndo ninayotumia tangu Jumatatu na nimepandisha bei kidogo na wateja nimewaambia kwanini. Mzee akaishika, akapitisha kidole gumba ndani chini pale, akamrudishia, akasema "asante mama". Ile elfu thelathini yangu kwa hicho tu ilirudi.

Ndo nikapata ujasiri wa kuuliza la kwangu. Mwaka jana kwenye msiba mmoja wa ukoo, baba mdogo alinifuata akanishika mkono mbele za watu akasema mwanangu tusameheane yaishe, kiwanja hakukitaja. Tangu siku hiyo shangazi na wajomba wananipigia simu, Mungu ni wa rehema, wewe ni nani ushikilie, mzee anaumwa sukari. Nikamuuliza mwalimu, hivi hapa mimi ndo mkosaji? Akasema fungua saba tisa. Nikasoma, nitavumilia ghadhabu ya Bwana kwa kuwa nimemtenda dhambi, mpaka atakaponitetea. Akauliza nani anaongea hapo, nikasema mwenye dhambi. "Ameomba apunguziwe?" Hajaomba. "Ametaja kwamba amekosa?" Ametaja. Akasema basi mwanangu, ile rehema kubwa ya mstari wa kumi na nane, Mungu asiyeshika hasira milele kwa maana hufurahia rehema, imekuja kwa watu ambao kwenye mstari wa tisa wameshasema nimekosa. Mzee wako akisema mstari wa tisa na akataja Chanika, hapo mnaongea habari nyingine. Mungu anatupa dhambi baharini, hati ya kiwanja cha mjane haitupi, hiyo inarudi kwa mjane.

Nilishusha pumzi, nilihisi mtu kanitetea baada ya muda mrefu. Lakini hakuishia hapo. Akasema sasa sita nane isome tena, nikasoma, akaniuliza imeandikwa kutoa rehema? Nikaangalia. Imeandikwa kupenda. Akasema haki Mika kasema itende, rehema kasema ipende, kwa hiyo hata kabla huyo mzee hajasema chochote, we swali lako ni moja tu, unapenda siku hiyo ije au unapenda isije? Sikujibu. Nilipanda daladala mpaka Mbagala bila kuongea na mtu, kwa sababu nilijua nilikuwa napenda isije. Nilikuwa nataka abaki vile vile na kosa lake ili mimi nibaki na haki yangu, na hiyo ni sura ya baba mdogo iliyoniingia mimi.

Kitu kingine nilichopenda ni jinsi anavyofundisha maneno. Kuna baba mmoja Mwislamu alikuwa anakuja na mke wake, mwanzoni alikuwa anamsubiri nje kwenye ngazi, wiki ya pili mzee akamkaribisha ndani anywe chai. Siku ya maneno mzee akasema ile "atatuhurumia" ya saba kumi na tisa kwa Kiebrania mzizi wake ni herufi za r, h, m, na tumbo la uzazi linaitwa rehem kwa mzizi huo huo. Yule baba akaruka akasema hiyo si ndo Rahmani Rahim! Ndo yenyewe, lugha za ukoo mmoja, na sisi Waswahili rehema tumeitoa kwenye Kiarabu kwa hiyo mtoto wa Temeke akisema rehema tayari ana neno ambalo Mika angelisikia likamgusa sikio. Mizani nayo, kwenye sita kumi na moja Kiebrania ni moznei, sikiliza mwenyewe. Ila rehema ya sita nane ni neno jingine, hesed, lile lile ambalo kwenye Zaburi 136 Biblia yetu imeliita fadhili, fadhili zake ni za milele. Hiyo ni ya mtu aliyefunga agano na habanduki. Kwa hiyo kuna huruma ya tumbo la mama na kuna uaminifu wa mtu wa agano, na kwenye ile mistari mitatu ya mwisho ya kitabu Mika kaweka yote mawili. Ningefurahi sana kama wangetoa fotokopi ya hayo maneno peke yake.

Jumamosi ya mwisho, ya ziada baada ya zile sita, tulienda Coco Beach, nauli kila mtu yake. Nilidhani tunaenda kula mihogo tuagane. Bahari ilikuwa imekupwa, maji yako mbali kule, huku ni mchanga na mwani na takataka, watoto wanacheza mpira. Mzee akavua viatu. Akatueleza kwamba Wayahudi siku za mwaka wao mpya wanakwenda kwenye maji, mto au bahari, wanasoma hii mistari ya mwisho ya Mika, wanaita tashlikhi, neno limetoka humu humu kwenye "utazitupa dhambi zao zote katika vilindi vya bahari", na kwenye siku yao ya upatanisho wanasoma kitabu chote cha Yona na wakimaliza wanaunganisha na mistari hii mitatu ya Mika. Kwanini Yona? Kwa sababu Yona kwenye sala yake tumboni mwa samaki anasema ulinitupa vilindini, maneno yale yale, kutupa na vilindi. Huko ndo dhambi zinapokwenda, na nabii mwenyewe alishatupwa huko akatolewa, na bado akakasirika Ninawi iliposamehewa. Ninawi, mji ule ule uliokuja kuchongwa picha ya Lakishi kwenye kuta zake. Hapo nilikumbuka wale wanawake na mifuko yao nikakaa chini kwenye mchanga.

Afu mzee akainama akaokota ndala, ya mtoto, ya kijani, mguu mmoja, imeshikwa na mwani. Akasema hii mtu aliitupa baharini na bahari imeirudisha. Mnaona chupa zote hizi? Zilitupwa kandokando. Mika kasema vilindi, kule ambako maji hayakupwi. Sisi tunasameheana kandokando, maji yakikupwa tunayakuta yote pale pale tunaanza upya. Ikawa magharibi, tukala mihogo ya pilipili, tukaondoka.

Sasa mambo ya kawaida. Hawaanzi kwa wakati, saa kumi na moja yao ni kumi na mbili kasoro, wamama wanaorudi mbali wanaumia. Feni mbili kati ya nne hazifanyi kazi, kaa upande wa dirisha la barabarani japo kuna kelele za bodaboda. Umeme ukikatika jenereta lipo ila linazidi sauti ya mzee. Fotokopi za wiki ya nne zilikuja zimeruka ukurasa, mpaka leo sijapewa. Na hilo la mwalimu mgeni nimewaandikia, wamejibu kwamba michango haitachanganywa tena na darasa, tutaona. Maandazi mazuri sana. Biblia beba ya kwako, za kuazima ziko chache.

Kwa anayetaka mahubiri ya kushangilia hapatamfaa, pale mnasoma mstari mmoja robo saa. Kwa mtu ambaye amedhulumiwa na anachoka kuambiwa samehe tu, au amedhulumu na hajui aanzie wapi, nampeleka mwenyewe kwa mkono. Nyota nne, ya tano nimeizuia kwa ajili ya ile wiki ya tatu.

Baba mdogo nimempigia Jumapili. Sikumwambia nimesamehe wala sijasamehe, nilimuuliza sukari inaendeleaje, afu nikamwambia nikija nataka tuongelee Chanika tukiwa wawili, na mama akiwepo. Alinyamaza muda mrefu akasema njoo.

Awamu inayofuata ni Hosea, inaanza mwezi ujao, bei ile ile. Nimeshalipia watu wawili, mimi na mama. Sikio lake la kushoto halisikii vizuri, kwa hiyo mkija mapema kile kiti cha kwanza cha dirishani mwachieni yeye.